Kahawa Iliyochelewa Darajani

"Wamepita zamani, Mama Hermelinda! Ulikuwa unamwombea nani, Papa?"

Rosalbina, muuza viazi wa darajani, alicheka mpaka kofia ikamtoka. Hermelinda hakucheka. Mikononi alishika chupa mbili za mwanawe Duván, aliyekuwa mashindanoni: ya kahawa nzito na ya maji ya sukari guru. Saa hakuwa nayo. Huko milimani Boyacá wakati aliupima kwa rozari. Akisali tatu kanisani kisha akateremka, huwakuta waendesha baiskeli wa mashindano ndio kwanza wanafika darajani. Ila leo ulitimia mwaka wa tisa tangu mgodi wa makaa umfunike mumewe, na kila tendo la rozari alilomaliza alimwongezea marehemu sala moja, na nyingine, hadi akapoteza hesabu na ukungu ukamwingia masikioni kama pamba.

"Duván alikuwa wa ngapi?"

"Wa sita. Alinyoosha mkono, akaambulia ukungu."

Kocha alikuwa amesema: kahawa imfikie hapa, ili imchangamshe damu akianza mlima wa mwisho. Ikichelewa, itamnyima usingizi tu. Na Duván asipokuwa katika watatu wa kwanza, klabu inamwacha. Jumatatu anashuka mgodini.

Hermelinda aliitua kahawa juu ya gunia la viazi. "Kunywa wewe. Labda huo mdomo utachoka."

Akashika njia ya nyumbu wa mizigo, inayopanda mlima moja kwa moja huku barabara ikizunguka kama nyoka aliyeshiba. Ng'ombe walitokea ukunguni bila miguu, wakayeyuka. Mahali fulani alihisi mtu anapanda kando yake, akihema kwa kifua cha mchimba makaa. Hakugeuka kumtazama, asije akaondoka.

Kona ya juu. Akasikia minyororo ya baiskeli kabla ya kuona mtu. Akapita wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha Duván, uso rangi ya majivu.

Hermelinda akakimbia ubavuni mwake, chupa ya sukari guru mbele. "Sukutua, uteme!"

"Niteme? Mama, nakufa njaa!"

"Ukimeza saa hizi, utafika kileleni kabla haijafika miguuni. Ulimi ukionja utamu, miguu inaamini. Bibi yako alinipandisha hivyo hivyo na gunia mgongoni. Sukutua!"

Akasukutua, akatema. Akarudia.

"Mama wewe!" akasema, na nusu ya uso wake ikacheka. Akainuka juu ya pedali, akamfikia wa nne, ukungu ukawafunika wote wawili.

Baada ya kitambo, kileleni watu wakaanza kuita jina moja. Hermelinda akazuia pumzi asikie ni la nani. Upepo ukalichana vipande. Karibu na kiatu chake, mate matamu yaling'aa kwenye lami. Nyuki mmoja akashuka, akazunguka mara mbili, akatua.