Risasi za Shemeji

Lusajo, afisa wanyamapori, alikuwa mtu wa kukagua. Hata mkate aliugeuza kwanza atazame tarehe. Lakini alikuwa ameoa Bariadi, na kwa kina Mashimba, ukoo wa mkewe, shemeji akikupa kitu hukikagui mbele yake. Kukikagua ni kumwita mwongo. Huyu mgeni kutoka Mbeya aliishika mila hiyo kuliko wenyewe.

Ndiyo maana Mashimba, kaka wa mkewe na mtunza silaha wa ofisi, alipompa magazini ya bunduki iliyokwisha kujazwa risasi, aliipachika tu wakaagana. Kule Ngulyati fisi alikuwa amemaliza ndama wanne, na watu walikuwa wanamsubiri.

Risasi mbili zilitoka salama. Ya tatu ilirudisha moto nyuma, ukampiga usoni, na jicho la kulia likaenda hivyo hivyo. Kabla hajapakiwa kwenye gari alipapasa chini, akaokota ganda la risasi hiyo na kulitia mfukoni.

Hospitalini alisoma maandishi ya kitako cha ganda hilo kwa jicho lililobaki. Ilikuwa risasi ya jeshi. Kwa umbo zinafanana na zile za bunduki yao ya kiraia, na zinaingia bila kukwama, ila zina nguvu kuliko chemba ya bunduki hiyo inavyohimili. Pale ofisini risasi za jeshi zilikuwapo zile tu zilizokamatwa kwa majangili, na ufunguo wa sanduku lililozihifadhi alikuwa nao Mashimba peke yake. Tena aliyemfundisha Mashimba kuzitofautisha alikuwa Lusajo mwenyewe. Hilo lilimuuma kuliko jicho.

Mashimba alipokuja kumwona alisalimia, "Mwangaluka," akaketi ukingoni mwa kitanda na kukiri yote. Risasi halali alikuwa amempa mjomba wake Mboje akawindie nyama ya harusi, kisha akaziba pengo kwa zile za majangili.

"Ulijua?" Lusajo aliuliza.

"Nilijua, shemeji. Niliona zinaingia, nikasema basi zitatoka."

Wiki iliyofuata Mashimba huyo huyo aliandika maelezo kwamba Lusajo alijichukulia risasi mwenyewe, bila ruhusa. Mtu ana uso gani huyu? Kikao kikaitishwa. Lusajo akishindwa, kazi imekwenda, na kesi inamngoja. Kitu pekee cha kumtetea kilikuwa lile ganda, lililoonyesha kwamba risasi ilitoka kwenye sanduku la Mashimba, na alikuwa amempa mkewe, Joyness, amtunzie.

Asubuhi ya kikao akaliomba. Joyness alikuwa anapiga pasi shati ambalo mumewe angelivaa huko.

"Nimelitupa chooni," alisema.

Lusajo alidhani hakusikia vizuri. Akamwuliza tena, taratibu, kama anajua kwamba hilo ganda ndilo kazi yake na ndilo jina lake.

"Najua. Lakini wewe jicho limeshakwenda, baba Ikupa. Kaka yangu bado yupo."

Akaligeuza shati, akaendelea na kola.