Kisanduku cha Ndolo

Kivuva alisimama mlangoni mwa ukumbi wa Ndululu pale Kabati, mikono mfukoni, akitafuta mahali pa kutema mate. Kwa miaka mingi alikuwa amepiga gitaa la pili katika bendi ya Ndolo. Kazi yake ilikuwa kurudia kipande kimoja kifupi, tena na tena, ili Ndolo apate mahali pa kukanyaga akipanda juu na solo zake. Wiki iliyopita Ndolo alimwambia apumzike. Alikuwa amerudi kutoka Mombasa na kisanduku cha chuma alichoachiwa na Mzungu mmoja mpiga gitaa wa hotelini. Unakikanyaga, unapiga kipande chako, unakanyaga tena, nacho kinakirudia bila kuchoka wala kuomba soda.

"Hii haiwezi kulewa," Ndolo alimwambia. Maneno hayo yalimuuma Kivuva, maana yeye pombe aliiacha zamani.

Dansi ya Jumapili mchana ikaanza. Ndolo akapiga kipande cha Kivuva, kile kile alichokibuni kwa vidole vyake, akakanyaga. Kikarudi. Watu wakashangilia. Basi kichwa kikamvimba Ndolo, akarundika kipande cha pili juu yake, halafu cha tatu, halafu kingine, hadi muziki ukawa uji uliomwagikiwa maharagwe. Kivuva alichukizwa. Huu nao ni muziki gani? Hata mwenye njaa hapakui vyote kwa sahani moja.

Ubaya wenyewe ulikuja wimbo ulipofika mbio. Dansi ya Ukambani haikai mahali pamoja. Wachezaji wakishapata moto, mpiga ngoma huangalia miguu yao na kuongeza mwendo, na bendi nzima humfuata. Ndolo alikuwa amefanya mazoezi nyumbani kwake, bila mchezaji hata mmoja. Muthama, mpiga ngoma, akaona vumbi linapanda, akakaza. Kisanduku hakikuona kitu. Kikabaki nyuma na mwendo wake ule ule, ngoma ziko mbele, Ndolo yuko katikati akikanyaga huku na kule kama mtu aliyeingia kwenye siafu. Wanawake wakaacha kucheza. Mmoja akasonya.

"Kivuva!" Ndolo aliita kwenye maikrofoni, jasho likimtoka. "Mwanaa mwaitu, ndugu yangu, kuja! Kuja ushike gitaa!"

Angekuwa na akili angeondoka. Lakini alitaka nafasi yake irudi, tena irudi mbele ya watu wote. Akapanda.

Kwa dharau tu, ili Ndolo aone aibu, hakukizima kile kisanduku. Alifuta takataka zote zilizokuwamo, akashusha sauti yake hadi ikawa ya kunong'ona, akapiga noti chache zenye nafasi kati yake, akakanyaga. Zikawa zinazunguka chini kabisa, huzisikii mpaka uzitafute. Juu yake akapiga kitu ambacho hakuwahi kukipiga, kwa sababu siku zote mkono wake ulikuwa umefungwa kwenye kurudia. Kilikuwa kizuri. Uzuri huo nao ukamchukiza, maana kisanduku ndicho kilichoufungua mkono wake. Muthama alipoanza kuongeza mwendo, Kivuva akakanyaga, kisanduku kikanyamaza, mkono wake ukashika kazi pale pale, na ukumbi wote ukapiga mbinja. Hakuna aliyejua chuma kiliishia wapi na mkono ukaanzia wapi.

Dansi ilipokwisha, Ndolo alimkumbatia, shati limelowa, ananuka.

"Kumbe! Sauti chini, noti kidogo, halafu unazima kabla ya mbio. Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo," Kivuva alisema, moyo bado uko juu.

"Sawa, sasa nimeshika. Hapo kwa mbio nitapiga mimi mwenyewe." Ndolo alikizungushia kisanduku taulo safi, taratibu, akakilaza kwenye begi. "Jumamosi tuko Kibwezi, na gari ni ndogo. Wewe pumzika tu, ndugu yangu."

Mate yalimjaa Kivuva mdomoni, machungu kama dawa ya malaria. Akamtazama Ndolo, akalitazama begi, akaitazama miguu yake mwenyewe iliyokanyaga vizuri namna ile.

Akayameza.