Neno Moja la Kufuta

Gizani bomba la uani lilikohoa. Dobi alilisikia, akachomoa mkono polepole chini ya shingo ya bintiye, akabeba ndoo mbili na simu. Mwenye nyumba huruhusu maji alfajiri, kidogo tu, na anayechelewa huambulia upepo.

Ndoo ikijaa ndipo yeye huandika. Ndivyo walivyokubaliana katika kundi la Sentensi ya Leo, watu ambao hajawahi kuonana nao uso kwa uso: nesi, mlinzi wa ghala, na bibi mmoja wanayemwita Bibi Kicheko. Kila mtu sentensi moja kila siku, ya kweli, bila maelezo. Mwanzoni aliona haya. Sasa asipoandika anajihisi kama aliyetoka nje bila viatu.

Maji yalitoka na rangi ya chai. Akaandika: "Bomba letu linakohoa, linatema kutu." Akatuma, akajitwisha ndoo, wala hakutazama ametuma wapi.

Alikuwa ameshaloweka shuka za nyumba ya wageni, povu limepanda hadi ukingoni mwa beseni, simu ilipoanza kutetemeka mfululizo. Kumbe ametuma kundi la Wapangaji! Fundi viatu wa chumba cha mwisho ameandika: "Dobi umenena!" Mwingine: "Mwanangu anaharisha tangu juzi, kumbe si peke yangu." Wa tatu kaweka picha ya sufuria yake.

"Mungu wangu," dobi alinong'ona. Na mwenye nyumba yumo humo humo.

Hakukawia kutokea. Alikuja na kufuli, akalifunga bomba, kacha!

"We dobi, tangu lini umekuwa mshairi?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Kutu! Nani atapanga kwangu akisoma kutu? Lifute neno hilo. Andika upya, vizuri, wote wasome. Ukishafuta, nafungua. Hutaki, chumba kina watu wanakisubiri."

"Mama, shuka za watu zina sabuni."

"Basi harakisha."

Dobi alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Zikikaa na povu mpaka jioni zitashika mabaka, na nyumba ya wageni itatafuta dobi mwingine. Kidole kilikuwa tayari juu ya neno. Lakini kwanza akawasimulia wenzake wa Sentensi ya Leo.

"Ni kweli au si kweli?" nesi aliuliza.

"Kweli tupu."

"Mimi kutishwa nimezoea," mlinzi akaandika, "ila sijawahi kutishwa nikiwa na sabuni mikononi. Amua mwenyewe, dada. Tupo."

Bibi Kicheko alituma sauti, anacheka mpaka pumzi inamkata. "Pole, mwanangu. Lakini sentensi yetu ya leo umewapa wapangaji! Sisi tule nini? Haya, tuandikie!"

Dobi akajikuta naye anacheka, peke yake, na povu hadi viwikoni. Fundi viatu alimletea ndoo yake ya maji ya kunywa. Ilitosha kusuuza foronya tu. Akakaa tena. Si mwenye nyumba anataka neno lifutwe? Atalifuta. Akalifuta neno kutu, akajaribu maneno mengine mahali pake kama mtu anayejaribu vifungo kwenye shati, hadi moja likakaa sawasawa, akayageuza na ya jirani yalifuate. Akatuma katika makundi yote mawili, safari hii kwa kusudi.

Jioni mwenye nyumba alitokea uani, ufunguo kidoleni. Wapangaji walikuwa wamesimama na ndoo tupu. Shuka zilikuwa bado kwenye beseni, povu limekufa, maji yamegeuka kijivu.

"Simu yangu imeisha chaji," alisema. "Umefuta kutu?"

"Nimefuta, mama."

"Umeandika upya?"

"Nimeandika."

"Unaona? Kumbe unasikia. Haya, nisomee, na hawa wasikie."

Dobi alijifuta mikono kwenye sketi. Hakusoma. Alimpa simu bintiye, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuunganisha herufi na sasa anasoma kila kitu, hadi maandishi ya kwenye pakiti za sabuni. Mtoto akafuata maneno kwa kidole, midomo ikicheza kimya kimya. Kisha akainua kichwa, akasema kwa sauti ua mzima usikie:

"Bomba letu lina kufuli, halitemi kitu."