Nywele za Mgombea wa Matope

...na maji haya nayo, mbona Solange ameyachota mtoni akayaleta hivyohivyo bila hata kuyaonyesha moto, yanamtiririka Floribert shingoni yanaingia ndani ya shati, na Solange huyohuyo, dada yake, amesimama nyuma ya kigoda na wembe mpya mkononi, anauliza kwa mara ya pili, "Nianze, ao bado?", na yeye anautazama ua uliojaa wajomba na shangazi wenye vichwa vinavyong'aa kama mayai, maana leo yanaondolewa matanga ya Mama Agathe, mama yake mdogo, na kila ndugu na kila mtoto aliyelelewa na marehemu hunyolewa kabla jua halijafika utosini, ndiyo desturi waliyotoka nayo kijijini kwao Buleusa, vita havikuipokonya, lakini zimebaki siku sita tu watu wapige kura, na kwenye karatasi ya kura ipo picha yake, ndogo, nywele tupu na pua katikati, na Guylain, mpiga ngoma wake aliyejipandisha cheo akawa mkuu wa kampeni, anakizunguka kigoda kama kuku anayetafuta pa kutagia, "Kaka, bakikunyoa, bantu batakujua namna gani? Bamama ba ku soko habajue kusoma. Banatafuta manywele. Ni manywele njo banachagula!", na hasemi uongo huyu, hilo ndilo baya, hasemi uongo, bila nywele hizi Floribert ni nani, mwanamume mmoja mwembamba wa Mushaki mwenye buti za mvua na gitaa lenye nyaya tano, wa sita ulikatika zamani... nywele alianza kuzifuga mwaka ule Papa Noël, mfanyabiashara wa Butembo, alipomsikilizisha kanda ya roki ndani ya lori lake, mzee mwenyewe akaziba masikio, "Hii haiko muziki, hii iko lori inapanda mulima," akasema, na bado akamruhusu kuunganisha gitaa na betri ya lori, miaka yote hiyo, bila kununa, Mungu amzidishie, na lori hilohilo ndilo lililozaa chama, siku ya nne ndani ya tope kwenye barabara ya Walikale, abiria wamekata tamaa, wengine wameanza kupika kando ya magurudumu, na Floribert akapanda juu ya magunia ya maharage, akaliliza gitaa kama mbuzi anayevutwa masikio, akatangaza kwamba anagombea ubunge kwa tiketi ya Chama cha Matope, mwito wetu Wote Tumekwama, nikishinda nitaunda wizara ya matope, kila raia apewe tope lake asigombanie la jirani, na watu wakacheka, wakashuka, wakasukuma huku wanacheka, na lori likatoka! Likatoka, na tangu siku ile utani ukaota miguu, wagombea wengine wanapita na jipu zao wanarusha kofia na fulana dirishani, yeye anashuka anasukuma, anapiga wimbo, anasukuma tena, hadi juzi hapa sokoni mama mmoja muuza jibini, Epiphanie, akamshika mkono bila hata kutabasamu, "Ni weye njo nitachagula. Bengine banapita. Weye unashuka," na pale ndipo alipoharibikiwa, kwa sababu tangu pale anakitaka kile kiti cha ubunge, anakitaka kweli, aibu gani hii, amejifungia chumbani akajiita mheshimiwa mbele ya kipande cha kioo, sauti ikamtoka nene, akaipenda.

"Mama Agathe ataelewa," Guylain anaendelea, "ye iko mbinguni, hana haraka, tutakunyoa élections zikiisha," na jina lile likitajwa hivyo, kama jina la mtu wa kuombwa asogee kidogo, Floribert anageuza shingo kumtazama, ataelewa, ndiyo, ni lini hakuelewa... siku ile risasi zilipoingia Buleusa Floribert alikuwa msituni anakagua mitego, kila mtu akakimbia kwa njia yake, na siku ya tano akamkuta mama yake mdogo huyu, aliyemlea tangu hajaota meno, ameketi kando ya barabara hapa Mushaki na mtoto mgongoni ndani ya kitenge, akajiuliza amemwokota mtoto wa nani, mama akageuka, kumbe ni gitaa la Floribert, shingo yake imevalishwa kofia ya sufu ya kichanga, kwenye kizuizi watu wa bunduki walimwuliza mtoto ana nini, akawajibu, "Iko na homa, musimuamshe," akalipigapiga matakoni kwa upole, yeye ambaye miaka kumi aliliita kelele ya shetani, ameacha sufuria, ameacha jembe, ameacha kitenge cha Jumapili, na Floribert alipouliza kwa nini, alisema tu, "Sufuria nitaazima. Weye nitakuazima wapi?"

Na alimjibu nini? Alicheka, baadaye akayatungia wimbo maneno yale, watu wakacheka, hata mama mwenyewe akacheka mstari wa mbele ameziba mdomo kwa kiganja, lakini neno asante halikutoka, lilikuwa dogo mno, alingoja apate kubwa zaidi, na mwaka huu mama akapanga foleni siku mbili kupata kadi ya uchaguzi, akamwonyesha, "Nitakuchagula. Hata uko mupumbavu. Uko mupumbavu wangu," kisha malaria, kisha shimo, na kadi ile akazikwa nayo... asante, Mama, anasema moyoni, asante, na ya pili inavuta ya tatu, asante ya mgongo wako, ya betri ya Papa Noël, ya mikono yote iliyosukuma, na kile kiti, anakitafuta kile kiti alichokitaka tangu juzi, bado kipo, bado kizuri, ila si cha kulipiwa kwa siku ya mama yake, na machozi yanamtoka, yanachanganyika na maji ya Solange, wala hayafichi, wembe bado uko hewani, Guylain bado anazunguka, Solange anauliza tena, "Nianze, ao bado?"

"Anza, dada."

"Na bamama ba ku soko?" Guylain analia kabisa sasa. "Nitabaambia nini?"

"Ubaambie ule wa ku foto alifiwa na mama yake."