Hatua Moja na Nusu

Katika chumba cha picha cha hospitali ile, kila kitu kilikuwa na mahali pake sakafuni. Nyayo mbili za rangi nyeupe zilionyesha mgonjwa asimame wapi. Vipande vitatu vya utepe wa buluu vilionyesha kamera ikae wapi. Na pembeni, karibu na sinki la kunawia, palikuwa na utepe mwekundu, mahali pa taa. Alama zote hizo alizibandika Mzee Kivuli kwa mkono wake, akipima kwa futi ya kitambaa aliyoazima kwa fundi cherehani. Wauguzi walimpa jina hilo kwa sababu hakuna mgonjwa aliyewahi kusimama mbele yake bila kuambiwa, "Sogea kidogo, kuna kivuli."

Taa ilikaa kando kwa sababu. Mwanga ukitoka ubavuni, kila tuta la kovu hutupa kivuli chake, na daktari huona urefu wa tuta na kina cha bonde. Ukitoka mbele, matuta hujificha, na ngozi iliyoungua huonekana kama shuka lililopigwa pasi. Jambo hilo Mzee Kivuli alilijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Alianza hapo kama mfagiaji. Akajifunza kusoma shule ya jioni akiwa tayari baba wa watoto wawili, kisha akajifunza kamera kwa kitabu, ukurasa baada ya ukurasa, kamusi ikiwa pajani.

Daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, naye alikuwa na utafiti. Watu walioungua zamani usoni na shingoni, makovu yao yakiwa yamekakamaa, walitolewa mafuta kidogo tumboni kwa sindano nene. Mafuta yalichujwa, kisha yakadungwa chini ya kovu. Wenzake wa mbali walikuwa wameandika kwamba kovu hulainika, naye alitaka kupima mwenyewe. Wagonjwa thelathini na mmoja walipigwa picha kabla ya kufanyiwa, na hao hao wakapigwa tena baada ya miezi sita. Madaktari watano wa hospitali nyingine, bila kuambiwa ipi ya kabla na ipi ya baada, walizipa picha zile alama. Kwa hiyo picha ndiyo iliyokuwa mizani, na mwenye mizani alikuwa Mzee Kivuli.

Picha za kabla zote zilipigwa taa ikiwa kwenye utepe mwekundu. Hapo hakuna wa kumnyooshea kidole.

Wa kwanza kurudi baada ya miezi sita alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuja amevaa hereni. Aliposimama kwenye nyayo nyeupe alisema taratibu, "Baba, miaka kumi na miwili sijapigwa picha isipokuwa hapa kwenu. Hii nipige vizuri. Nataka nimtumie mwanangu, yuko masomoni mbali."

Mzee Kivuli aliziangalia hereni zile. Akaishika stendi ya taa, akaisogeza mbele hatua moja na nusu. Akaegesha ubao mweupe chini ya kidevu cha Mwalimu ili mwanga urudi juu. Akapiga. Mwalimu alipojiona kwenye kioo cha kompyuta, machozi yalimtoka bila sauti, akamshika Mzee mikono yote miwili. Aliyekuwa akisubiri kwenye benchi akachungulia. "Na mimi kama yake," akasema. "Usinibague."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa na urefu wa hatua moja na nusu, na aliipita mara thelathini na moja. Alijiambia kwamba wote wa kabla walipigwa kwa taa moja, na wote wa baada kwa taa moja, basi hakumwonea mtu. Hoja hiyo aliipenda kwa sababu hakuna aliyemwomba aitetee.

Majibu yalipokuja, Daktari mwenyewe alishuka ngazi hadi chumba cha picha. "Mzee, wale watano wanasema makovu yamepungua karibu nusu. Sikutegemea." Makala ikachapishwa katika jarida la madaktari. Mwisho kabisa, kwenye mstari wa shukrani, lilikuwemo jina la Mzee Kivuli alilopewa na wazazi wake, herufi zote, bila kosa. Aliutia ukurasa ule kwenye fremu na kuutundika sebuleni juu ya redio, na kila mgeni aliyeingia alipewa kiti kinachoutazama.

Mmoja wa wageni hao alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Msichana huyu alifanya kazi katika duka la miwani, ambako kutwa nzima alizungukwa na vioo. Akiwa na miaka minne alimwagikiwa mafuta ya kukaangia, yakamwachia kovu kutoka sikioni hadi chini ya taya. Mdomo wake ulikuwa mkali kama wembe mpya. "Wateja wangu wote ni wachumba," alizoea kusema. "Wakivua miwani yao ya zamani wananisifu. Wakijaribu mpya, wanauliza bei."

Jumapili moja aliisoma fremu yote, hata namba za kurasa. "Mjomba, kumbe umekuwa profesa na hutuambii."

"Acha utani wako."

"Leo si utani. Nimejiandikisha. Daktari wenu anapokea wengine, mimi nitafanyiwa mwezi ujao." Kisha sauti yake ikashuka. "Naogopa ile dawa ya usingizi, Mjomba. Lakini nimeziona picha za pale ukutani kliniki. Niambie wewe uliyezipiga. Ni za kweli?"

Mzee Kivuli alikuwa na kikombe mkononi. "Kamera haidanganyi," alisema.

"Basi. Neno lako linanitosha."

Kwa wiki tatu alikunywa chai yake jikoni ili asikae mbele ya fremu. Mara mbili alipanda hadi mlango wa Daktari. Mara ya kwanza alimkuta akizungumza na simu, akashukuru moyoni na kurudi. Mara ya pili alikaribishwa kiti, akajikuta anaomba betri za kamera. Betri alikuwa nazo, droo nzima.

Jumanne ya wiki ya nne mpwa wake aliingia chumba cha picha na fomu mkononi. Upasuaji ulikuwa Alhamisi, na ilitakiwa picha ya kabla. Alizikanyaga nyayo nyeupe.

"Nitabasamu?"

"Usitabasamu. Tazama ukuta."

"Kama ya kitambulisho. Ile yangu hata mimi nikiiona namwomba huyo wa pichani anionyeshe kitambulisho."

Mzee hakucheka. Alipiga, taa ikiwa kwenye utepe mwekundu. Picha ya kabla ilikuwa imekamilika, na fomu haikudai kingine. Angeweza kusema, haya, nenda. Alisimama ameishika stendi ya taa. Kisha akaisogeza mbele hatua moja na nusu, akauweka ubao mweupe.

"Na hii ya nini?"

"Simama hivyo hivyo."

Akapiga tena, akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu kwenye kioo. "Njoo uone."

Mpwa wake alikuja, akainama. "Huyu wa kulia ni nani?"

"Wewe."

"Mimi wa lini?"

"Wa sasa hivi."

Msichana akapeleka mkono shavuni. Kovu lilikuwepo, gumu vile vile. Hakuwa mjinga. Aliitazama taa ilipo, akautazama utepe mwekundu ulivyobaki peke yake karibu na sinki, akamtazama mjomba wake. "Na wale wa ukutani?"

"Wote thelathini na mmoja."

"Mjomba, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ulikuwa umeshika kikombe. Ukaniambia kamera haidanganyi."

"Ndiyo."

"Ungeniambia lini? Nikishadungwa?"

Mpwa wake alichukua mkoba wake. Alipofika mlangoni aligeuka, macho yake yakiwa kwenye kioo. "Ile ya kulia nitumie," alisema. "Najua ni ya uongo. Nitumie tu." Maneno hayo yalimchoma Mzee kuliko kama angemtukana.

Alizichapa picha zote mbili, akapanda nazo ngazi bila kupumzika katikati. Daktari alizilaza mezani, akavaa miwani. "Hii ni nzuri kuliko zote. Huyu alifanyiwa lini?"

"Hajafanyiwa."

Daktari alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia. Mzee akamweleza. Njiani alikuwa amepanga kuanza na hereni za Mwalimu, na machozi, na mwana aliye mbali. Alipofungua mdomo aliona kwamba angekuwa amejificha nyuma ya hereni za mtu, akaziacha.

"Kwa nini, Mzee?"

"Nilipenda walivyonishukuru. Baadaye nikapenda ulivyonishukuru wewe."

"Nimesimama mbele ya watu mia mbili na picha zako. Kuna madaktari wameanza kuwafanyia wagonjwa wao kwa sababu yangu."

"Najua."

"Hujui." Alivua miwani akajifuta macho kwa kiganja. "Ningekufukuza leo hii. Lakini lazima wote warudi wapigwe upya, na anayejua taa ilikuwa wapi ni wewe. Ukimaliza wa thelathini na moja tutazungumza."

Siku hiyo hiyo Daktari alizibandua picha za ukutani kwa mikono yake, akaliandikia jarida waiondoe makala, na upasuaji wa Alhamisi ukaahirishwa. Mpwa alisema atasubiri majibu ya kweli ndipo aamue. Jumapili hakuja tena. Alituma ujumbe tu: "Mmefikia wangapi?"

Wa kwanza kurudi alikuwa tena Mwalimu, na hereni zile zile. Safari hii muuguzi mmoja alikaa kwenye kiti karibu na sinki, kazi yake kuilinda taa, kama msimamizi wa mtihani. Mzee Kivuli aliyebandika utepe ule alilindwa asiuache.

"Leo mbona taa iko kando?" aliuliza Mwalimu.

"Ndipo mahali pake. Siku ile niliiondoa."

"Kwa ajili yangu?"

Alitamani kusema ndiyo. "Wewe kwanza," alisema. "Baada ya hapo ni kwa ajili yangu." Akamweleza yaliyobaki, muuguzi akisikia.

Akapiga. Mwalimu alijitazama kwenye kioo bila kusogea. "Kumbe ndiye huyu wanayemwona watoto," alisema mwishowe. "Mimi nikitoka nyumbani nilikuwa nambeba yule mwingine." Akaishika shingo yake, akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia. "Lakini hii imelegea, siwadanganyi. Zamani mtoto wa nyuma akichokoza nageuka mwili mzima kama kabati. Sasa namkamata."

Mzee akaitazama fomu. Haikuwa na nafasi ya kuandika shingo inavyogeuka. Muuguzi akachukua kalamu, akaandika pembeni.

"Na mwanangu?" Mwalimu akauliza. "Ile picha ameiweka kwenye simu. Anawaonyesha wenzake mama yake."

Mzee Kivuli aliinamia kamera.

"Nichapie na hii. Nitamtumia. Ila maelezo sitayaandika mimi, utayaandika wewe. Si umesoma?"

Alikaa mezani, akaigeuza picha upande mweupe. Mwandiko wake wa shule ya jioni ulikuwa wa kusimama wima, kila herufi kivyake. Aliandika: *Kijana wangu, hii ndiyo ya kweli. Ile ya kwanza taa niliisogeza mimi. Mama yako hakujua.* Chini yake akaweka jina lake, herufi zote. Lilimchukua muda mrefu kuliko barua yenyewe.

Mwalimu alipotoka, muuguzi alimwita anayefuata. Mzee Kivuli akatoa simu mfukoni, akamjibu mpwa wake: "Mmoja. Wamebaki thelathini." Akasubiri kidogo, kama kungekuja utani wowote. Haukuja. Akainuka, akainama kuhakikisha mguu wa stendi uko juu ya utepe mwekundu.