Kofia za Bi Swabaha

Jumatatu ya kwanza ya wiki ya sanaa na utamaduni, ambayo kaunti huiandaa kila Agosti shule zikifungwa, Bi Swabaha alifika uwanja wa Mama Ngina saa mbili asubuhi na mkeka, miwani, na sindano zake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mapenzi, ofisa wa tamasha, alikuwa amekwisha kumwekea meza upande wa kivuli, mbali na spika. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita katika kazi hiyo, na alijua nani hastahimili jua kali na nani ana goti baya.

"Shikamoo, Bi Swabaha."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Kwa miaka hamsini Bi Swabaha alikuwa akishona kofia za mkono nyumbani kwake Kibokoni, akitoboa kitambaa tundu moja moja na kulizungushia uzi mpaka maua yakatokea. Kofia moja ilimchukua miezi mitano. Ikiisha, Khubaib, mwenye duka, huichukua, akaitia kibandiko chenye jina lake mwenyewe kwa ndani, akaiuza, nyingine hadi Maskati. Hata fomu ya mashindano ya tamasha aliijaza yeye, na penye nafasi ya msanii akaandika Khubaib.

Saa nne mgeni rasmi alivishwa kofia mpya, akaanza hotuba. Alikuwa amefika kwenye shukrani kofia iliposema, taratibu, kwa sauti ya Bi Swabaha: "Nimeshonwa na Swabaha binti Jamaldin, wa Kibokoni, miezi mitano. Ua la nyuma lilishonwa mumewe akiwa mahututi."

Mgeni rasmi alinyamaza mpaka ikamaliza, kisha akaendelea na shukrani.

Kufikia adhuhuri kila kofia ya mkono iliyokuwa uwanjani ilikuwa ikisema inapovaliwa. Mapenzi aliomba spika zipunguzwe na wapiga zumari wapumzike kidogo kila saa, ili kofia zisikike. Watu wakawa wanapita wakisikiliza: hii imeshonwa Kuze, ile Makadara, na ile nyingine imeshonwa na dada wawili waliokuwa hawasemezani, kila mmoja nusu yake. Wanawake waliotajwa walikuwa wengi kuliko wasanii wote wa kwenye orodha. Mapenzi aliwaandika katika daftari, jina na mtaa, bila kumwacha hata mmoja.

Siku ya pili alikuja Mzee Fuad na kofia aliyooa nayo, ukingo umeshageuka manjano. Ilisema imeshonwa na Shifa binti Hussam, ambaye hakujaliwa kuiona ikivaliwa. Fadhiya, aliyekuwa akikaanga viazi karai hatua chache kutoka hapo, aliitambua sauti ya mamake. Hakuwa ameisikia tangu ana miaka tisa. Alizima moto, akafuta mikono, akamwomba mzee aivue na kuivaa tena.

Mzee Fuad aliivua na kuivaa mara kumi na moja. Tangu hapo alikuja kila siku baada ya alasiri, akakaa karibu na karai, akaivua na kuivaa bila kuombwa. Fadhiya alimtilia viazi visivyo na pilipili.

Jumamosi ya kufunga tamasha, Mapenzi aliwapelekea waamuzi daftari lake, akaomba jina kwenye cheti cha mshindi lirekebishwe. Walilisoma lote, wakalisifu, wakamwambia kazi ni ya aliyejaza fomu, na cheti kimeshachapishwa. Khubaib alipanda jukwaani amevaa kofia bora kuliko zote. Kofia ikamtaja aliyeishona. Uwanja mzima ukasimama na kumgeukia Bi Swabaha, na makofi yakaendelea mpaka akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya leso. Khubaib alingoja makofi yaishe, akapokea cheti chake.

Jumatatu iliyofuata Khubaib alifika Kibokoni na kitambaa kipya. Baada ya salamu na kahawa alimwomba Bi Swabaha, kwa adabu zote, ashone kofia zisizosema.

"Mimi nashona tu, mwanangu," alisema Bi Swabaha. "Kusema zimeanza zenyewe. Nawe kama umechoka kuzisikiliza, waambie watu jina ni la nani."

Khubaib alimaliza kahawa yake, akaaga. Kitambaa alikiacha, na Bi Swabaha akatia uzi sindanoni.

Siku ya Idi, katika msikiti mmoja wa Maskati, imamu alingoja kofia za safu ya mbele zimalize kumtaja Swabaha wa Kibokoni na wenzake, ndipo akapiga takbiri. Baada ya sala wanaume walitoka nje wakazivua, vichwa vipate upepo. Ndani, kila moja ilikuwa imeandikwa Khubaib.