Zamu Yangu ya Kumbeba Ndama wa Nyangumi

Usiku wa kuamkia leo niliota kitasa cha mlango wangu kinakohoa. Kikakohoa tena, kwa adabu kabisa, kisha kikaniambia niamke, zamu yangu ya kulea imefika. Nikakiuliza kulea nani, maana mimi ni fundi friji na ninaishi peke yangu. Mwenye mtoto mchanga ni jirani yangu Eliwaza, na yeye tunasalimiana mlangoni tu. Kitasa kikasema maswali yote yaulizwe majini, kikajifungua chenyewe.

Natoka, na korido yote ni bahari. Nyumba yetu iko Dodoma, ambako hata maji ya bomba huja yanapotaka, kwa hiyo nilifurahi mno. Nikaingia hadi shingoni. Sijui kuogelea, lakini hakuna aliyeniuliza.

Pomboo mmoja akanipokea, jicho moja wazi, jingine limefumba. Akanieleza kwamba kwenye zamu hakuna kulala kichwa kizima: nusu inalala, nusu inakesha. Akanichomoa usingizi wa upande wa kulia, akautia kwenye ndoo yangu ya kufulia na kuufunika.

Pale tunapoanika nguo, nyangumi wamejaa kama wanawake wa shughuli, kila mmoja na kazi yake. Mkubwa wao ni bibi mwenye kichwa kilichoziba ngazi nzima. Akanisogezea ndama.

"Mama yake anashuka kilindini kutafuta ngisi," akasema. "Mtoto pumzi yake fupi, huko hafiki. Utambeba hapa juu avute hewa."

"Na asipopatikana wa kumbeba?"

"Mama hatakula."

Alilisema hilo kama mtu anayetangaza mgao wa maji. Mama akashuka, mkia wake ukapita mbele ya dirisha la Eliwaza na kupotea. Nikapitisha mikono chini ya ndama. Ni mzito kama friji la bucha, na ngozi yake inateleza. Akapuliza, fuu, mvuke ukanipiga usoni. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nianze kujitegemea. Nilitaka kila mteja wangu anione.

Chini yangu papa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachezea simu. Nikamuuliza anasubiri nini. Akanijibu kwa upole kwamba anasubiri nichoke.

Nami nikaanza kuchoka. Mabega yanawaka, vidole sivisikii. Hapo bibi anapita.

"Habari za zamu?"

"Nzuri, bibi," nikasema.

Akaenda zake. Nikamwangalia akikata kona, nisiamini. Mtu gani anaambiwa nzuri akaamini? Baada ya kitambo pomboo naye akapita, akauliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia mzima kabisa, namshukuru Mungu. Akafurahi kwa dhati, akaondoka. Wale viumbe wanachukua unachowaambia kama kilivyo, na mimi nimelelewa kujibu nzuri hata nikiwa nimevunjika mguu.

Mikono ikashuka. Maji yakafika kwenye tundu la pumzi la ndama, yakaanza kuingia. Papa akaweka simu mfukoni. Moyo ukanipasuka kwa hofu, maana ndama alikuwa ananitazama mimi.

"Si nzuri," nikasema kwa sauti yangu yote. "Nimechoka. Njooni."

Sijafunga mdomo, tayari wako chini yetu. Bibi, pomboo, shangazi wasiohesabika, wametuinua sote wawili mpaka kichwa changu kikagonga taa ya korido. Ndama akapuliza, fuu. Nikalia kwa furaha bila aibu yoyote. Papa akakunja kiti chake.

"Ungesema," bibi akaniambia.

Nikaamka. Jicho la kushoto limelala vizuri. La kulia ni jekundu na zito kama la mlinzi. Mikono yangu, kuanzia viwikoni hadi vidoleni, ilikuwa na utando mweupe uliokauka. Nikailamba. Chumvi.

Upande wa pili wa ukuta mtoto wa Eliwaza alikuwa analia, kama kila asubuhi. Nikaenda kubisha hodi. Akafungua, mtoto begani, kanga imepinda. Mumewe ni dereva wa lori, yuko njiani kwenda Tunduma, na mama yake yuko Same, mgonjwa wa miguu.

"Habari za asubuhi, dada Eliwaza?"

"Nzuri, fundi."

Siku zote naishia hapo na kwenda kazini. Safari hii sikuondoka.

"Umekula?"

Akamwangalia mtoto, kisha sakafu. "Tangu jana mchana, hapana," akasema taratibu. "Nikimlaza tu, analia."

Nikanyoosha mikono. Akaiona ile chumvi, akauliza kama nimetoka kupika. Nikamwambia niko zamu. Akasita kidogo, kisha akanipa mtoto, nami nikapitisha mikono chini yake vilevile nilivyofundishwa. Mtoto akanipumulia shingoni, fuu, akanyamaza.

Jikoni sufuria likafunuliwa, kijiko kikagonga sahani. Alikula muda mrefu.

"Fundi, umechoka?" akauliza, chakula kimejaa mdomoni.

"Bado," nikasema. "Nikichoka nitasema."